Wafumaji, Wadarizi na Wapelelezi: Uanze na Mfululizo Upi?

Anayependa kufuma na anapenda pia kusoma hadithi za upelelezi hana haja ya kuchagua kimoja na kukiacha kingine, kwa sababu viwili hivyo vilikwisha kukutana kitambo. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, waandishi wa Marekani hasa wamekuwa wakitunga riwaya ambazo mpelelezi wake si polisi wala wakili, bali ni mwenye duka la nyuzi, au msimamizi wa jumba la sanaa za mikono, au mjane aliyejifunza krosheti, yaani kufuma kwa kulabu moja, akiwa mtu mzima. Mauaji hutokea nje ya macho ya msomaji, majeraha hayaelezwi kwa undani, mambo ya chumbani husitiriwa, mji ni mdogo kiasi cha watu kujuana kwa majina, na mwishoni muuaji hujulikana. Ni riwaya za mtu anayetaka fumbo la kuushughulisha ubongo jioni, kisha alale bila kuota ndoto mbaya.

Shida inayompata msomaji wa huku kwetu, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, ni kwamba vitabu hivi havimfikii kwa mpangilio. Huvikuta katika marundo ya vitabu vya mitumba kando ya barabara, jalada likiwa na paka na kikapu cha nyuzi, na hajui kama alichoshika ni cha kwanza au cha tisa, wala kama mwandishi wake ni fundi kweli au ameazima sindano ili auze kitabu. Ndiyo maana nimeona ni vyema kuilinganisha mifululizo minne ambayo ninaiona kuwa milango mizuri ya kuingilia, pamoja na majirani wawili ambao si wa ukoo huu moja kwa moja lakini wana haki ya kutajwa.

Kipimo changu kikuu ni kimoja: je, ufundi wa mikono unasaidia kufumbua fumbo, au umewekwa pale kama pambo? Yeyote aliyewahi kufuma vitambaa vya makochi anajua kwamba mkono wa mfumaji haufichiki. Mmoja huvuta uzi kwa nguvu hadi ukingo wa kitambaa ukajikunja, mwingine huulegeza hadi matundu yakapanuka. Wape mafundi wawili uzi uleule, kulabu ya namba ileile na mchoro uleule, na watakuletea vitambaa viwili vya ukubwa tofauti. Mama anayeuza vitambaa sokoni Kibuye, Kisumu, kwa miaka mingi hahitaji kuona jina ili ajue kazi hii imetoka kwa nani. Hugeuza upande wa nyuma, akatazama mwisho wa uzi ulivyofichwa, akatamka. Hayo ni maarifa ya kipelelezi kamili, na mwandishi anayeandika kuhusu wafumaji bila kuyatumia amepita juu ya hazina yake mwenyewe.

Kwa kipimo hicho, mfululizo wa Monica Ferris ndio unaotangulia. Ulianza mwaka 1999 kwa kitabu kiitwacho Crewel World, na umeendelea kwa vitabu zaidi ya 15. Mhusika mkuu ni Betsy Devonshire, mwanamke wa makamo ambaye ndoa yake imevunjika na ambaye anakwenda kukaa na dada yake, Margot, mwenye duka la vifaa vya kudarizi katika mji wa Excelsior, jimbo la Minnesota. Margot anauawa dukani mwake, na Betsy, ambaye hajui hata kushika sindano vizuri, anajikuta akirithi duka, wateja, madeni ya huzuni na swali la nani aliyefanya unyama huo. Hapa mwandishi amefanya uamuzi wa busara: kwa kuwa Betsy ni mwanagenzi, msomaji asiyejua kudarizi hujifunza pamoja naye hatua kwa hatua, na msomaji fundi hupata raha ya kuona mapema kile ambacho Betsy bado hajakiona.

Kitabu cha pili, Framed in Lace, ambacho nacho kilitoka mwaka 1999, ndicho ningempa msomaji wa Kisumu kabla ya kingine chochote, hata kama itambidi aruke cha kwanza. Mashua ya abiria iliyozama miaka mingi iliyopita inainuliwa kutoka chini ya Ziwa Minnetonka, na ndani yake inakutwa mifupa ya binadamu. Kidokezo cha maana ni kipande cha kitambaa kinachofanana na lesi. Kwa polisi, hicho ni kitambara tu. Kwa wanawake wanaokutana dukani kwa Betsy kila Jumatatu, kitambaa kina aina, kina namna ya kutengenezwa, na kwa hiyo kina mtengenezaji. Fumbo zima linaning'inia kwenye uzi, na wanaoweza kuusoma uzi huo ni wale ambao watu wengine huwaona kuwa wamekaa tu wakipiga soga.

Tena mwandishi hakubuni ziwa hilo. Excelsior ni mji halisi kando ya Ziwa Minnetonka, na meli ndogo ya abiria iitwayo Minnehaha, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 1926 baada ya biashara ya usafiri ziwani kudorora, iliinuliwa kweli mwaka 1980, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 1996. Wakazi wa Kisumu walioishuhudia MV Uhuru ikirudi kazini mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya kutia nanga bandarini hawatahitaji kuelezwa jinsi mji wa ziwani unavyochangamka chombo cha kale kinapoamka, na jinsi kila mzee anavyokuwa na habari yake ya zamani ya kusimulia. Ferris ameielewa hali hiyo, na ndiyo maana habari za wazee katika kitabu hiki si maneno ya kujazia kurasa, bali ni sehemu ya ushahidi.

Mfululizo wa Maggie Sefton umesimama upande wa pili kabisa. Knit One, Kill Two ilitoka mwaka 2005. Kelly Flynn ni mhasibu anayefanya kazi Washington, ambaye anarudi Colorado kumzika shangazi yake Helen, mzee wa miaka 68 aliyeuawa nyumbani kwake. Polisi wamekwisha kumkamata mtu asiye na makazi na wanaona kesi imekwisha. Kelly haridhiki, kwa sababu anagundua kwamba shangazi yake, ambaye hakuwa na deni lolote, alikopa dola 20,000 siku chache kabla ya kufa. Ng'ambo ya nyumba ya marehemu kuna duka la nyuzi liitwalo House of Lambspun, lililoigwa kutoka duka halisi la mji wa Fort Collins, na wanawake wa duka hilo wanampokea Kelly, wanamfunza kufuma, na wanakuwa ndugu zake.

Tazama basi kinachomwongoza Kelly: ni hesabu. Anauliza fedha zilikwenda wapi, nani alijua, na kwa nini mzee mwangalifu afanye jambo lisilo la kawaida yake. Kufuma kunamtuliza na kunampa watu wa kuzungumza nao, lakini ungeondoa sindano zote kitabuni, fumbo lingebaki limesimama. Sisemi hivyo ili kumdharau Sefton. Kwa msomaji ambaye ameketi kwenye vikao vya chama, akaona daftari la michango likizunguka na akajua jinsi shilingi zisizoeleweka zinavyoanzisha maswali, njia ya Kelly itakuwa na ladha ya pekee. Isitoshe, Sefton anawashinda wenzake wote katika kueleza uzi wenyewe: rangi zake, ulaini wake, namna mtu anavyoingia dukani kwa dakika tano na kutoka baada ya saa nzima akiwa ameshika sufu ambayo hakukusudia kuinunua. Anayetaka faraja ya kuwa miongoni mwa watu wema amchague Sefton. Anayetaka fumbo lililofumwa kwa uzi uleule wa ufundi, abaki na Ferris.

Wa tatu ni Earlene Fowler, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa kuwa huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote kama mwandishi, ingawa si yeye ninayempendekezea kila mtu aanze naye. Mfululizo wake ulianza mwaka 1994 kwa Fool's Puzzle. Kila kitabu kimepewa jina la mtindo wa kuunga mfarishi wa viraka, yaani kile kifuniko cha kitanda kinachotengenezwa kwa vipande vingi vya vitambaa vilivyokatwa kwa maumbo na kuunganishwa kuwa mchoro mmoja. Mhusika wake, Benni Harper, ni mjane kijana aliyelelewa kwenye ranchi ya ng'ombe huko California na ambaye sasa anasimamia jumba la sanaa za wenyeji pamoja na ushirika wa mafundi katika mji wa kubuni uitwao San Celina. Anasimulia mwenyewe, kwa sauti yake, na sauti hiyo ina uchungu wa mtu aliyefiwa na ukali wa mtu aliyezoea kazi ya mifugo.

Tofauti ya Fowler ni kwamba kwake ufundi hauishii katika kidokezo wala katika duka. Mfarishi wa viraka ni kumbukumbu ya ukoo: kipande hiki kilikuwa gauni la bibi, kile kilikuwa shati la marehemu, na anayejua kuusoma anajua nani aliingia katika familia na nani alitengwa. Fumbo zake hutoka humohumo, katika mambo ambayo familia iliyafunika kwa miaka mingi. Mariner's Compass, kilichotoka mwaka 1999, kilipata Tuzo ya Agatha ya riwaya bora, tuzo inayotolewa nchini Marekani kwa riwaya za upelelezi za aina hii na iliyopewa jina kwa heshima ya Agatha Christie. Katika kitabu hicho mtu asiyemjua anamwachia Benni mali yake yote, kwa sharti kwamba aishi peke yake katika nyumba ya marehemu kwa majuma mawili, na Benni inambidi agundue huyo mtu alikuwa nani na kwa nini alimjua yeye. Msomaji yeyote wa nyanda hizi aliyewahi kuona kikao cha urithi kikivunjika kwa sababu amejitokeza mtu ambaye hakuna aliyemtarajia ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo.

Hata hivyo, Fowler anadai mambo mawili. La kwanza ni mpangilio: maisha ya Benni na mkuu wa polisi Gabe Ortiz yanakua kutoka kitabu hadi kitabu, na anayeanzia katikati atapoteza sehemu kubwa ya utamu. La pili ni Kiingereza chake, ambacho kimejaa msamiati wa ranchi, vyakula vya California na mizaha ya kifamilia, kiasi kwamba msomaji wa kawaida atahitaji subira katika kurasa za mwanzo. Ferris na Sefton huandika kwa sentensi nyepesi zaidi, na vitabu vyao vinaweza kusomwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu bila kukwama mara kwa mara.

Mfululizo wa Betty Hechtman nitaupitia kwa ufupi, ingawa ndio unaokaribiana zaidi na kazi inayofanywa na wanawake wengi wa magharibi mwa Kenya, yaani krosheti. Hooked on Murder ya mwaka 2008 inamhusu Molly Pink, mjane anayefanya kazi katika duka la vitabu huko Tarzana, California, ambaye anaikuta maiti ya kiongozi wa kundi la krosheti linalokutana hapo dukani, naye anashukiwa. Ni kitabu cha kuchekesha na chenye mwendo wa kasi. Fumbo lenyewe ni la kawaida, lakini heshima anayoitoa kwa krosheti, ambayo wafumaji wa sindano mbili wana tabia ya kuiona kama ndugu mdogo, ni ya dhati, na kwa sababu hiyo pekee kinafaa kuwa kitabu cha kwanza cha kundi la wafumaji wanaotaka kuanza kusoma pamoja.

Jambo moja la vitendo linahusu mifululizo mitatu kati ya hii. Vitabu vya Ferris huja na mchoro wa kudarizi, vya Sefton vina maelekezo ya kufuma pamoja na mapishi, na vya Hechtman vivyo hivyo kwa upande wa krosheti. Kabla hujanunua uzi, kumbuka kwamba maelekezo hayo ni ya Kimarekani. Sindano ya kufumia ambayo Mmarekani huipa namba 8 ina unene wa milimita 5, ilhali namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, kwa hiyo anayefuata namba bila kupima atapata sweta linalombana mtoto. Katika krosheti hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mshono mfupi ambao Wamarekani huuita wa pekee (single) ndio ambao Waingereza huuita maradufu (double), na mchoro mmoja ukisomwa kwa utaratibu usio wake hutoa kazi tofauti kabisa. Fuata milimita, usifuate namba. Upande wa mapishi, joto la oveni huandikwa kwa Farenhaiti, na nyuzi 350 wanazozitaja kila mara ni takriban nyuzi 177 za Selsiasi.

Miongoni mwa majirani niliowaahidi, wa kwanza ni Miss Marple wa Agatha Christie, ambaye riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ilitoka mwaka 1930. Huyu ndiye bibi wa ukoo mzima. Hufuma karibu kila anapoketi, na kufuma huko ni kinga yake, kwa kuwa watu hawamwogopi mwanamke mzee mwenye mpira wa sufu mapajani, na hivyo husema mbele yake mambo ambayo wasingeyasema mbele ya polisi. Christie hamtumii Miss Marple kama fundi. Humtumia kama mtazamaji. Anayetaka fumbo lililo gumu na la haki, ambalo vidokezo vyake vyote viko mezani, hatapata bora kuliko Christie, lakini anayetaka kusikia habari za nyuzi atabaki na kiu.

Jirani wa pili yuko karibu zaidi nasi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyeishi kati ya mwaka 1918 na 1991, alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na humo akatuletea Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko anayefumbua mauaji kwa kufikiri akiwa na rafiki yake Najum. Hakuna sindano wala uzi katika riwaya hiyo. Naitaja kwa sababu ina kila kitu kingine ambacho wapenzi wa vitabu hivi hukitafuta: jamii ndogo inayojuana, mpelelezi asiye askari, adabu katika masimulizi, na fumbo linalofunguka kwa akili na si kwa bunduki. Tena iko katika Kiswahili kinachonoga. Kama katika kundi lako wapo wasiopenda kusoma Kiingereza, msiwaache nyuma kwa kung'ang'ania Minnesota. Anzeni na Bwana Msa, kisha mmoja wenu awasimulie wengine Framed in Lace huku mikono ikiendelea na kazi.

Na hapa siwezi kunyamaza kuhusu pengo ninaloliona kila nikifunga mojawapo ya vitabu hivi. Huko Tabaka, Kisii, kuna mafundi wanaochonga mawe laini yenye rangi kuanzia nyeupe hadi ya waridi, na unga wa mawe hayo huganda kwenye nguo, kwenye kucha na kwenye viatu vya kila aingiaye karakanani. Huko Dunga, ufukweni mwa ziwa Kisumu, gugu-maji linaloziba njia za wavuvi hukaushwa na kusukwa vikapu. Mtunzi atakayejua kwamba unga wa waridi haukuweza kutoka kwenye jiwe jeupe, au kwamba kikapu hiki kimesukwa kwa gugu-maji ambalo halijakauka sawasawa na kwa hiyo hakikuweza kutengenezwa mwezi uliopita, ana riwaya mkononi. Ningeinunua siku ya kwanza.

Kwa sasa chaguo ni hizi nilizozieleza. Msomaji aliye peke yake, mwenye Kiingereza kizuri na subira, na ambaye anaweza kuvipata vitabu kwa mpangilio, iwe kwa simu au kwa kuuliza katika maktaba ya taifa tawi la Kisumu, Kakamega au Nakuru, aanze na Fowler na asiruke. Anayetegemea marundo ya mitumba, ambako hakuna anayejua kesho kutatokea nini, ni salama zaidi na Ferris, kwa kuwa kila fumbo lake hukamilika ndani ya kitabu kimoja na Betsy haeleweki kwa shida hata ukimkuta katikati ya mfululizo. Kundi la watu wanaofuma pamoja lichukue Hechtman au Sefton, mmoja asome kwa sauti. Na anayeanza leo, mwenye pesa za kitabu kimoja tu, atafute Framed in Lace. Asipokiona, achukue cha Ferris chochote kilichopo, ahakikishe tu kwamba kurasa za mwisho zenye mchoro hazijachanwa na mwenye kitabu wa kwanza.